Rimu za Chuma za Bi Mgeni

Mnaniuliza rimu za chuma au za spoti kama watu wanaouliza chai ya rangi au ya maziwa. Juzi kijana mmoja kanifuata mpaka barazani kwangu hapa Wete, salamu hata hakuimaliza, kanitolea simu. "Fundi, hebu zione hizi. Si kali?" Nikaziona. Rimu za spoti, nyeusi, kingo zimeng'arishwa, zimepigwa picha juu ya vigae vya nyumba ya mtu. Nikamuuliza, wewe gari unailaza wapi? Kwetu, bondeni. Na masika kilima unakipandaje? Akacheka. "Fundi nawe! Masika si bado?"

Basi huyo ndiye aliyeniudhi mpaka nikakaa kitako kuyasema haya. Gereji nimestaafu, mdomo haujastaafu.

Nimefungua na kufunga magurudumu tangu meno yangu yote yalipokuwa mahali pake. Gereji ilikuwa ya Fundi Shaame, mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Huyo bwana alikuwa na sikio, sijapata kuona. Ukimletea rimu hakuitazama kwanza. Aliipitishia kamba kwenye tundu la katikati, akaining'iniza kwenye boriti, akaigonga kwa kichwa cha spana ndogo, ting, kisha akafumba macho. Rimu nzima sauti yake inatembea, inakwenda mpaka inaishilia mbali. Rimu yenye ufa inajibu kikavu na kunyamaza, kama chungu kilichopasuka. Mie nilidhani anatufanyia maringo tu. Siku moja akaikataa rimu ya spoti iliyokuwa inameta mpaka unajiona uso ndani yake, mwenyewe akaja juu, "Fundi unanitafutia gharama!" Fundi Shaame akaipaka mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka chaki. Tukakaa. Ufa ukajichora wenyewe juu ya chaki, mwembamba, kutoka kwenye tundu la nati mpaka ukingoni. Yule mwenye gari akakaa chini bila kuambiwa. Jaribuni hilo, mafuta ya taa na chaki vipo kila duka.

Sasa hizi habari za mipira ya theluji, maana wengi wenu mmeivaa na hamjijui. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na huko Japani kuna sehemu theluji inajaa njiani mpaka magotini. Watu wa sehemu hizo wana seti mbili za magurudumu. Wakati wa baridi wanavaa mipira laini, uso wake umechanjwa vikato vyembamba vyembamba, na mara nyingi wameitia kwenye rimu za chuma nyeusi zisizo na urembo wowote, kwa sababu njia za huko hutiwa chumvi ya kuyeyusha theluji na chumvi hiyo inaharibu rimu nzuri. Za spoti wanaziweka ndani mpaka jua litoke. Gari ikiuzwa wakati wa baridi, inatujia hivyo hivyo na viatu vyake vya theluji.

Theluji sisi tunaiona kwenye friji. Lakini udongo wetu mwekundu ukishanyeshewa wiki nzima, wallahi, huyo Mjapani mwenyewe ungemshinda. Na ile mipira laini inaushika. Vile vikato vinafunguka, vinang'ata, gari inapanda. Ndiyo maana mie sikuwahi kuibeza. Ubaya wake ni jua. Ukiikimbiza kwenye lami wakati wa kiangazi inalika kama kifutio cha skuli. Na ikizeeka inakuwa kibao, hata kama kata zake bado nzima. Muuzaji atakwambia "mpira mpya huu, tazama kata." Weye usitazame kata. Kandamiza ukucha. Ukucha ukiacha alama, mpira una uhai. Ukucha ukiteleza, mwachie mwenyewe. Na pembeni zipo tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki uliyotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. Hizo hazijui kusema uongo.

Mtasema, Fundi anazichukia rimu za spoti. Hapana, yakhe. Ni nyepesi, gari inakuwa na roho nyepesi, usukani unaitika, breki zinapata hewa. Za chuma nzito, na kutu ndiyo ugonjwa wao. Nyinyi mnaolaza gari karibu na maji, mnaovuka kwenda Fundo au Kojani mkaiacha ufukweni siku mbili tatu, kutu itapanda kwenye ule ukingo unaokaliwa na mpira, na upepo utatoka kidogo kidogo mpaka mtamlaumu jirani kuwa ana jicho. Sugueni kwa brashi ya waya, pakeni rangi nyepesi. Msipake kama mnaopaka ukuta.

Ila nikwambieni tofauti yake moja. Rimu ya chuma ikipiga jiwe inapinda. Ya spoti ikipiga jiwe inapasuka. Alikuja bwana mmoja mkandarasi, gari kubwa, kaingia kwenye karavati lililobomoka, rimu ya spoti ikamega kipande. Kaibeba begani mwenyewe, suti nzima tope. "Nichomelee, Fundi." Nikamwambia hii haichomeleki hapa ikakaa. Hakunisikia, akampata wa kumchomelea, ikafika mbele ya msikiti tu ikaachia. Ikabidi itafutwe nyingine Unguja, ije na boti, na haikupatikana ya kufanana upesi. Gari ikakaa juu ya mawe mpaka kuku wakataga chini yake. Nasema kweli, mayai nimeyaona.

Lakini hayo yote ni maneno ya gereji. Aliyenifahamisha hasa maana ya kuchagua rimu ni Bi Mgeni.

Bi Mgeni na mumewe, Mzee Khatib, wanakaa upande wa mashariki, kitongoji kilichojificha ndani ukiiacha njia ya wanaokwenda kuvukia Kojani. Kutoka kwao mpaka lami ni udongo mtupu, kupanda na kushuka. Mzee Khatib ni mtu wa mikarafuu, mwili wa kazi, sauti ya kuadhini. Sukari ikamwingia. Siku moja akakanyaga kijiti huko shamba, kikamwingia unyayoni, na asikisikie. Wenye sukari miguu inakufa ganzi, mtu anatembea na kijiti ndani hana habari. Walipokuja kukiona, chini ya mguu kuna tundu.

Hospitali wakamwambia Bi Mgeni bila kumficha. Kidonda kisafishwe siku ndiyo siku hapana, kisikose. Kikisafishwa bila kukosa, mguu huenda ukapona. Kikikosa, utakatwa. Na masika ndiyo hayo yanaingia. Walijaribu bodaboda, mzee kakaa nyuma kanyoosha mguu ndani ya mfuko wa nailoni, wakaanguka wote kilimani. Bi Mgeni akasema basi.

Mtoto wao Suleiman yuko Maskati. Akajipinda, akawaletea gari, stesheni wagoni ndogo ya Kijapani, yenye nafasi ya mtu kulala nyuma. Sasa dereva nani? Palikuwa na Hafidh, mtoto wa kaka yake Bi Mgeni, kijana wa makamo yenu, anajua kuendesha. Lakini Hafidh ana shughuli zake, leo yupo kesho hayupo. Bi Mgeni ana wajukuu, hajawahi kushika hata baiskeli. Akajifunza. Watu wakacheka, wanawake wenzake wakamwambia utajiua, na yeye akenda na kurudi kwenye kiwanja cha mpira, jioni kwa jioni, mpaka mbuzi wa pale wakamzoea. Akapata leseni yake kihalali. Mie mwanamke yule namvulia kofia, na kofia yenyewe nimeishona mwaka mzima.

Siku ya kwanza kuja kwangu alikuja na Hafidh. Gari imevaa rimu za chuma nyeusi na mipira ya theluji, laini bado, ukucha unaingia. Nyuma ya gari zimo rimu nne za spoti, zimefungwa vizuri na mipira yake ya kawaida. Yule Mjapani alikuwa mtu mwema, kauza na seti ya pili. Hafidh anazipapasa kama mtu aliyeonyeshwa mchumba.

"Shangazi, tuvae hizi. Gari itatoka!"

"Itatoka kwenda wapi?" Bi Mgeni akamuuliza.

"Itapendeza, shangazi. Hizo nyeusi ni za gari ya mkaa."

Bi Mgeni akanigeukia mimi. "Fundi, nijibu mambo mawili. Hii ya kung'aa ikipasuka njiani, naipata wapi siku ile ile?"

"Huipati."

"Na hii nyeusi ikipinda?"

"Nyundo na kipande cha gogo. Hata wewe utaweza."

"Nionyeshe."

Nikachukua rimu mbovu, nikamwonyesha pa kugonga, kwa ndani ya ukingo, pole pole, huku unaizungusha, usiupige mara moja kwa hasira. Akafunga buibui kiunoni, akagonga. Akaniuliza kila kitu, jeki inakaa wapi, spana inashikwaje, kwa nini nati zinafungwa kwa kupishana na si kwa kufuatana. Nikamwonyesha na nati zenyewe. Gari ile ilikuwa na nati za aina mbili. Za rimu za chuma chini zina kichongoko, kinaingia ndani ya tundu la rimu kikakaa, na ndicho kinachoiweka rimu katikati. Za rimu zile za spoti chini ni bapa, zina washa yake, na zimepakwa kromu zinameta. Si rimu zote za spoti ziko hivyo, zipo zenye kichongoko vile vile, kwa hiyo nyinyi tazameni tundu kwanza. Bi Mgeni akazipitisha kidole moja moja, kisha akazitia zile za kumeta kwenye kopo la maziwa, akaliweka nyuma ya gari pamoja na rimu alizozitamani Hafidh, akaondoka amevaa chuma chake.

Masika yale yalikuja na hasira. Na yule mama akapita. Asubuhi anamlaza mzee nyuma, mguu juu ya mto, anapiga bismillahi, anashuka kilima kwa gia ya kwanza bila kugusa breki kama nilivyomwambia. Mara moja alipiga jiwe kubwa, rimu ikapinda mdomo, upepo ukaisha. Akashuka, akaitoa, akaigonga juu ya gogo pale pale njiani, akatia upepo kwa pampu ya mguu, akafika. Akanipitia gereji kunionyesha, nikaizungusha ile rimu, nikatafuta cha kukosoa nisikione. Nilicheka peke yangu siku nzima.

Kidonda kikawa kinajaa nyama. Mzee Khatib akaanza kugombana na manesi, na hiyo dalili njema.

Sasa ikaingia harusi. Nyinyi mnajua kwetu, bwana harusi huazimwa kila kitu. Joho la huyu, jambia la yule, saa ya ami yake, na anapokwenda kwa mke gari pia ni ya kuazima. Na jambo la harusi hulikatai, ukilikataa utasemwa mpaka kwa watoto wako. Bwana harusi ni rafikiye Hafidh, wakaja wazee wawili kumwomba Bi Mgeni gari kwa siku moja, siku isiyo ya hospitali. Akawapa kwa moyo mmoja. Hafidh akaona bahati imemwangukia. Akazivua zile rimu za chuma, akaivika gari rimu za spoti, na nati zake bapa kama inavyotakiwa. Harusi ikapendeza, gari ikapigwa picha kuliko bi harusi. Jioni akazirudisha za chuma kama alivyoahidi. Lakini zile nati za kromu akaziona zimekaa vizuri juu ya rimu nyeusi, zinawaka kama vifungo vya shati jipya. Akaziacha. Za kichongoko akazitia yeye kwenye kopo, akenda kulala.

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Aliona urembo tu.

Asubuhi yake mvua inapiga. Mie niko gereji nimejikunyata, simu ikalia.

"Assalamu alaykum, Fundi."

"Waalaykumu salaam, Bi Mgeni. Mmeshafika?"

"Hatujafika. Fundi, nati zinang'aa."

Nati bapa haikai ndani ya tundu la kichongoko, inagusa mdomo wake tu. Rimu inacheza, nati inalegea, unakaza, inalegea tena. Mwisho gurudumu linakuaga.

"Zote?"

"Zote. Nimesikia mbele inagonga, ko, ko, ko, nikasimama. Nimekaza, nimekwenda kidogo, imelegea. Nimekaza tena, imelegea. Za kwetu Hafidh kaziacha nyumbani."

"Usiondoke hapo ulipo. Nakuja."

"Fundi, nisikilize. Mzee homa imempanda tangu jana, na mguu umebadilika rangi. Nimempigia nesi, kasema mlete sasa hivi, daktari wa kukata yupo leo, kesho anarudi Unguja. Kama mguu utaokolewa ni leo. Mie hapa sikai."

"Bi Mgeni, gurudumu likichomoka kwenye kilima kile, hakutakuwa na mguu wala mtu!"

"Najua," akasema, na sauti yake ikatetemeka. Ndiyo mara ya pekee niliyoisikia inatetemeka. Simu ikakatika.

Nikatia nati za kichongoko mfukoni, nikachukua pikipiki. Sikumbuki kama nilifunga mlango wa gereji. Njia nzima ninasoma kila dua ninayoijua, mvua inanipiga usoni, na kila kona ninayokata naogopa kuangalia bondeni. Nisiwadanganye, nilikuwa nalia.

Nikawakuta wanakuja. Si kwa mwendo wa gari, kwa mwendo wa maiti. Bi Mgeni kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha, anasikiliza. Pembeni anatembea Kombo, mwenye gari ya ng'ombe, begani kabeba spana ya msalaba kama mtu aliyebeba jembe. Hatua chache, Bi Mgeni anasimama, Kombo anainama, anakaza, wanakwenda. Nyuma yao, juu kule kilimani, ng'ombe wamefungwa kwenye mnazi na gari yao imesimama mvuani.

Nikamuuliza Kombo, mmefanyaje? Kombo akaanza kucheka, maji yanamtiririka. Kasema alikuwa anapita na mzigo wake wa makuti, Bi Mgeni akamsimamisha. Hakumwomba amsukume wala hakumwomba amchukue mzee. Kaitazama gari ya ng'ombe chini. Mnajua gari zetu za ng'ombe zinatengenezwa kwa mabaki ya magari, ekseli ya gari iliyokufa, rimu za chuma za zamani, nati zake zile zile.

"Kombo, niazime nati."

"Bi Mgeni! Na gari yangu je?"

"Gari yako inavutwa na ng'ombe, inakimbilia wapi? Nitoe mbili mbili, zilizobaki zitaishika."

Akajaribu ya kwanza kwa vidole, bila spana, kama ingekataa asiilazimishe. Ikaingia mpaka mwisho. Akatoa mbili gurudumu hili, mbili gurudumu lile, na zote nne akazifunga kwenye lile gurudumu la mbele lililokuwa linagonga, kwa kupishana. Magurudumu mengine matatu yakabaki na nati za kumeta, ndiyo maana Kombo anatembea na spana. Kamwomba Kombo awaache ng'ombe wake na mzigo wake mvuani, na Kombo akaviacha vyote.

Mie nimefanya kazi hii umri wangu wote. Ningekuwa mimi pale, na mke wangu nyuma ana homa, sidhani kama ningeliona gurudumu la ng'ombe. Ningeona mvua tu.

Nikapiga jeki, nikazitoa zile za kromu zote, nikafunga za kichongoko gurudumu baada ya gurudumu. Kombo nikamrudishia zake. Mikono ya Bi Mgeni ilikuwa tope mpaka viwikoni. Nikachungulia nyuma. Mzee Khatib amelala, macho mekundu, midomo inasoma. Akaniona.

"Fundi, kaza vizuri. Huyu dereva wangu ana haraka."

"Nyamaza wewe mgonjwa," Bi Mgeni akasema, akatia gia.

Nikawafuata na pikipiki mpaka hospitali. Tukangoja nje. Hafidh akatokea, mbio, miguu mitupu, kopo la nati kifuani, tope mpaka kwenye nywele. Alikuwa ameamka, kalifunua kopo, kaziona zile za kichongoko, kakumbuka nilivyomwonyesha shangazi yake tundu la rimu. Alitaka kusema neno, uso ukamkunjamana. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nayajua mengi. Bi Mgeni akanitangulia. Akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Kaa hapa mwanangu. Tungoje wote."

Daktari alipotoka akasema ameutumbua usaha, amekata nyama iliyokufa, na kidole kidogo kimekwenda. Mguu upo. Kisha akasema, mngeuleta kesho ningeukata chini ya goti. Bi Mgeni akakaa chini sakafuni pale pale, akafunika uso. Mabega tu ndiyo yanakwenda.

Na mimi nikarudi gereji kuzitazama rimu, maana kazi ni kazi. Nati zikishalegea njiani, vijana, msikaze mkasema yamekwisha. Toeni gurudumu. Matundu ya ile rimu ya mbele yalikuwa yamekwisha kutafunwa, yamekuwa mayai, na bolti moja ilikuwa imeliwa uzi. Bolti nikabadilisha. Rimu ile sikuirudisha barabarani, nikamtafutia Bi Mgeni nyingine ya chuma kwenye rundo langu. Masika yalipokwisha nikamwambia sasa mpe Hafidh furaha yake, vaa za spoti na mipira ya kawaida, jua hili litaimaliza ile laini bure. Zile za chuma tukazisugua, tukazipaka, tukazilaza kivulini mpaka mvua irudi. Kwa hiyo mkiniuliza mimi, mwenye uwezo awe na seti mbili. Asiye na uwezo na analala bondeni, achukue chuma, ajifunze nyundo. Na kila rimu ilale na nati zake.

Niliwahi kwenda kwao tena, Ijumaa moja, wamenialika chakula. Nafika, naona njiani gari inakuja pole pole, gia ya kwanza, rimu zinameta jua lote. Nikadhani kuna jambo limeharibika. Nikasogea. Mbele ya gari anatembea Mzee Khatib, kanzu nyeupe, mkongojo mkononi, viatu vya wazi vipana alivyopewa hospitali. Bi Mgeni anamfuata nyuma na gari, mlango wa abiria uko wazi, akichoka tu apande. Nyuma yake zimejipanga pikipiki, wote wanakwenda sala, na hakuna anayepiga honi.

"Mgeni! Nenda zako! Msikiti naujua ulipo!"

"Nami naujua. Njia hii umeinunua?"

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Tembea, baba Suleiman. Tembea."

Bi Mgeni anacheka, na machozi yanamshuka mpaka kwenye usukani, wala hayafuti. Mzee akafika kwenye ngazi ya msikiti, akaegemeza mkongojo ukutani, akainama. Akavua kiatu kimoja. Akavua na cha pili.